Saa ya Mtumba kwa Liberatus Kikoti

Zawadi ya kumuaga Liberatus Kikoti imepatikana, na inaenea mfukoni. Hayo yalisemwa Jumatatu, tarehe 15 Juni, na Devota Mwaipopo, mhasibu wetu hapa Mbeya na mwenyekiti wa kamati ya kuaga, baada ya kikao kilichomalizika bila mtu kuomba kuongeza neno. Ni saa ya mkononi ya chuma, iliyotengenezwa Uswisi. Ni ya mtumba. Mstaafu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Liberatus anastaafu Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, baada ya kuitumikia redio yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kumi ya mwanzo alikuwa Iringa, iliyobaki Mbeya, na muda wote huo kazi yake kubwa imekuwa kusoma matangazo ya vifo. Amechoka, wala hafichi. Hivi karibuni aliulizwa atakumbuka nini zaidi katika kazi hii. Alijibu, "Nikipumzika nitakumbuka. Sasa hivi bado niko kazini."

Alizaliwa Kilolo, akafundisha shule ya msingi kwa muda mfupi, kisha akaja Iringa kuomba kazi ya utangazaji. Alipewa kazi ya kusoma bei za mazao: maharage, viazi, mahindi, na siku za neema vitunguu. Mwezi wake wa tatu kazini, msomaji wa matangazo ya vifo aliugua koo, na Liberatus akaombwa amshikie nafasi kwa wiki moja. Wiki hiyo ndiyo inayokwisha mwishoni mwa mwezi huu.

Kwa wasomaji wa jarida hili walioajiriwa karibuni, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Familia ikifiwa huleta tangazo, nasi tunalisoma saa saba na nusu mchana na tena jioni, ili ndugu walio mbali wawahi mazishi. Watu wengi wana simu siku hizi, lakini bado wanakuja. Simu humfikia unayemjua. Redio humfikia hata yule uliyemsahau. Wafugaji walio tambarare za Usangu, waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wana ndugu waliotapakaa mpaka kusiko na mtandao, ila kuna redio iliyofungwa shingoni mwa mchungaji.

Liberatus hakuwahi kusoma tangazo kabla ya kuzungumza na watu wawili wa nyumba ile, kila mmoja peke yake. Alipoulizwa sababu, alisimulia habari ya Jailos. Jailos alikuwa kijana wa Kilolo aliyekwenda Tunduma kutafuta maisha asirudi. Familia ikaleta tangazo kwamba mama yake amefariki, na kwamba Jailos popote alipo afike mara moja. Aliyelileta mapokezini alikuwa mama wa makamo, amebeba kikapu cha mayai.

"Marehemu ni nani yako, mama?" Liberatus alimuuliza.

"Ni mimi."

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiye mimi. Nisome tu, baba. Akishafika nitafufuka."

Liberatus alikataa. Badala yake alisoma kwamba mama yake Jailos yu hai, ana afya, na amekasirika. Jailos alirudi kabla ya Jumapili. Mayai yaliliwa ofisini, kule Iringa.

Sauti iliyompa Liberatus ajira ndiyo iliyomnyima mengine. Ni nzito, haina haraka, na kila mtu kuanzia Mafinga hadi Chunya anaijua. Hakuna aliyewahi kumwomba awe mshereheshaji wa harusi. Katika ndoa ya mpwa wake, kule Kilolo, alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo. Alipofika kwenye "ndugu popote mlipo", bibi yake bwana harusi alikwisha kujifunga kanga kiunoni na kuuliza ni nani aliyetutoka. Tangu hapo mkewe, Faustina, ndiye anayepiga simu zote za nyumbani kwao. Akikosa salio au akiwa mbali, simu husubiri.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea jibu la kawaida. Hapa kwetu zawadi ya mstaafu huingizwa ukumbini kwa ngoma na vigelegele, ikibebwa juu kwa juu, na inapaswa kuonekana na aliyekaa nyuma kabisa. Yohane, mlinzi wetu wa zamani, alipewa kitanda pamoja na godoro. Matilda wa mapokezi alipewa jokofu, na fremu ya mlango wa ukumbi ikabidi ing'olewe. Zawadi ndogo huleta maneno, na maneno hayo humfikia mhasibu kwanza.

"Nataka saa," Liberatus alisema.

"Ya ukutani," Devota alisema, akiandika.

"Ya mkononi. Nzuri, na iwe ya mtumba."

Devota aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, tukutolee kitu cha mtumba mbele ya wageni? Watasema mhasibu amekula michango."

"Watasema. Hata mkininunulia trekta watasema."

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Saa aliyoitazama miaka yote ni ya ukutani, studioni, na ni mali ya ofisi. Zake mwenyewe alikuwa akizinunua madukani, zinang'aa mwezi mmoja, zinaingia ukungu, zinakufa. Sasa anarudi Kilolo kulima viazi na kukaa kwenye vikao vya ukoo. Hataki saa ya kanisani, nyingine ya shambani, na ya tatu ya kuwekwa kwenye kabati. Anataka moja, aivae asubuhi asiifikirie tena mpaka anapolala. Kwa michango ya watu wa ofisi hii, alisema, mtapata mpya ya kawaida au nzuri sana iliyokwisha kuvaliwa.

"Hiyo mpya, mimi nitaizika," alisema. "Hiyo nyingine itanizika mimi. Nachagua hiyo."

Kamati ilimtuma Amos Luhwago, fundi mitambo wetu, aende naye Mwanjelwa kwa Ambrosi. Huyu ni fundi saa, na kibanda chake kiko kati ya kinyozi na muuza mikanda. Wanaoshangaa Mbeya kuna saa gani za fahari wanasahau dhahabu. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema huko Makongolosi, mtu hununua saa kabla ya kununua kitanda. Duara likijaa maji, saa inateremka Mwanjelwa. Ambrosi huzifungua, huzisafisha na kuzisubirisha. Ana desturi moja: hauzi siku ya kwanza. Mteja huchagua, huacha kitambulisho, huondoka na saa mkononi na kuishi nayo wiki nzima. Akirudi bado anaitaka, ndipo wanazungumza.

Alitandika kitambaa na kuweka saa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ina vijiwe pembeni, upana wake kama kifuniko cha birika. Amos aliipenda papo hapo. "Hii, mzee, itaonekana mpaka getini."

"Hiyo ni feki, kaka," Ambrosi alisema. "Naiweka mbele ili mwizi akija aanze nayo."

Ya pili ilikuwa halali, ya wapiga mbizi, nene na nzito. Liberatus aliijaribu na koti lake. Mkono wa koti uligoma kupita. Ambrosi alimkumbusha baridi ya Kilolo mwezi wa saba: "Utavaa makoti mawili, na hii itabaki nje kama kikombe." Tena mkanda wake ulikuwa wa chuma, wa kipimo chake peke yake, kipande kikikatika, kingine kiagizwe Dar es Salaam, na Dar es Salaam nao waagize.

Ya tatu ndiyo iliyochukua muda. Ilikuwa Omega ya chuma, nyembamba, uso mweupe, tarakimu nyeusi zinazosomeka bila miwani. Haina betri, inajitia nguvu yenyewe mkono unapotembea, na kwa mtu anayekwenda kukaa mbali na duka la betri hilo si jambo dogo. Ambrosi alikuwa ameifungua, ameiosha na kubadilisha mpira wa kuzuia maji. Mkanda ulikuwa wa ngozi, wa upana wa kawaida, wa kupatikana kwa jirani yake hata kesho. Kioo kilikuwa na mkwaruzo mmoja upande wa saa kumi.

"Mkwaruzo huu hutoi?" Amos aliuliza.

"Naweza. Na chuma naweza kukisugua king'ae kama kijiko kipya. Lakini ikisuguliwa hivyo inapoteza kona zake, na mnunuzi anayejua atajiuliza nimeficha nini. Mimi naiuza na uzee wake."

"Kwa hiyo unauza mkwaruzo."

"Nauza saa. Mkwaruzo ni nyongeza."

Liberatus aliondoka nayo. Aliivaa studioni, na haikugonga meza. Aliivaa kanisani na shambani Uyole, mvua ikamkuta huko, na kioo hakikuingia ukungu. Aliilinganisha na saa ya studio kila mchana; ilichelewa kidogo, akasema kwa umri wake hata yeye huchelewa. Ofisini hakuna aliyeitazama mara mbili. Hilo, alisema, ndilo hasa alilokuwa akilitafuta.

Wiki ilipokwisha walirudi Mwanjelwa kumalizana. Ambrosi alikuwa akitafuta kijiboksi cha kuitilia aliposema, kama mtu anayepiga soga, "Itakufaa. Hata marehemu hakuwa akiivua."

"Marehemu nani?"

"Ndalahwa. Mnunuzi wa dhahabu, wa Makongolosi."

Liberatus aliivua na kuirudisha kwenye kitambaa.

"Nilimsoma mimi," alisema.

"Umetusoma wote, mzee," Ambrosi alimjibu. "Ukianza kukataa vitu vya watu uliowasoma utatembea uchi."

Si kwamba aliogopa kitu cha maiti. Alimweleza Devota jioni ile, na Devota akaieleza kamati. Kwao, vitu vya marehemu hugawiwa ukoo ukiwa umekaa, kila mtu akiona. Kitu kinachotoka kabla ya hapo huitwa kilichoibwa, hata kama aliyekichukua ni mwana wa nyumba. Kwa miaka yote hiyo amesoma matangazo yenye wake wawili wanaokanana, na matangazo mawili ya mazishi ya mtu mmoja katika vijiji viwili. Hakutaka kwenda kupumzika akiwa amebeba ugomvi wa watu mkononi. Ambrosi alikuwa amesema saa ililetwa na Kulwa, ndugu wa marehemu. Kwa Liberatus hilo liliharibu zaidi, kwa sababu katika tangazo lile Ndalahwa aliacha mjane, jina lake Mbuke, na vijana wawili.

"Basi tutafute nyingine," Devota alisema.

"Nyingine hiyo mmeiona wapi?"

Hatukuwa tumeiona. Ambrosi alikuwa na ile ya kikombe na ile ya mwizi. Sherehe ilikuwa imekaribia, kadi zimekwisha kutoka. Liberatus alisema atamuuliza mjane mwenyewe. Akisema saa ilitoka kwa ridhaa yake, ataivaa. Akisema hapana, ataondoka mkono mtupu, na kamati inunue mabati ya nyumba yake ya Kilolo. Alilisema hilo bila kinyongo, lakini waliomwona akiitazama ile saa kwenye kitambaa wanasema mabati hayakuwa moyoni mwake.

Faustina alikuwa Kilolo akisimamia nyumba hiyo. Amos alijitolea kupiga simu. Liberatus alikataa, akasema neno kama hilo mtu hujiulizia mwenyewe. Jumatano asubuhi, tarehe 10, akiwa ofisini na Devota pembeni yake, alipiga namba aliyopewa na Ambrosi.

"Habari za asubuhi, mama," alisema. "Naitwa Liberatus Kikoti. Napiga kutoka redioni, Mbeya."

Hapo alitua, kama anavyotua kila mchana baada ya kutaja jina la redio. Hakupata nafasi ya kuendelea. Devota anasema alisikia kitu kikianguka, kisha yowe, kisha sauti nyingine zikilipokea lile yowe. Simu ikakatika. Liberatus alipiga tena. Haikupokelewa, na tulikuja kuambiwa baadaye kwamba ile simu ya pili ndiyo iliyowathibitishia wote.

Vijana wote wawili wa Mbuke wanafanya kazi machimboni. Mama aliyepigiwa na msoma vifo, asubuhi, akijitaja kwa jina, hakuwa na kitu kingine cha kufikiri. Mikeka ilitandikwa nje. Majirani walileta kuni na pipa la maji. Wenye maduara waliamuru watu wapande juu wahesabiwe. Kijana mkubwa alipatikana amelala chumbani kwake. Mdogo alikuwa dukani ananunua tochi. Walipoletwa mbele ya mama yao, kilio kilipungua lakini hakikuisha. Ikiwa si hawa, watu waliulizana, basi ni nani?

Saa saba na nusu waliwasha redio wasikilize. Liberatus alisoma matangazo ya siku hiyo kama kawaida. Hakuna lililotaja Makongolosi. Waliokuwa msibani wakakubaliana kwamba jambo lenyewe lazima ni zito mno, ndiyo maana halikusomwa hewani.

Alasiri Amos alipigiwa na rafiki yake aliye huko. "Huku tuna msiba mkubwa," rafiki alisema, "ila hatujajua ni wa nani. Nyie mnaye?"

Kila simu iliyopigwa kutoka ofisini kueleza ukweli ilipokelewa kwa kilio kabla haijaeleza kitu. Alhamisi asubuhi gari la ofisi lilipandisha mlima kuelekea Chunya, Liberatus akiwa nyuma na Devota mbele. Walikubaliana njiani kwamba Liberatus asifungue mdomo mpaka aambiwe. Walifika kabla ya mchana. Watu walikuwa bado mikekani.

"Mama, pole," Devota alianza, akaona amekosea, akaanza upya. "Mama, hakuna aliyekufa. Tumekuja kwa ajili ya saa."

"Saa gani?" Mbuke aliuliza.

"Ya marehemu mume wako."

Mbuke alimtazama Liberatus kutoka kofia mpaka viatu. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nilidhani ni mrefu."

Liberatus aliruhusiwa kusema. Alisema shikamoo kwa wazee waliokuwepo, akaomba radhi, na wawili kati yao waliinamisha vichwa kwa mazoea tu, waliposikia ile sauti. Kisha mzee mmoja aliuliza jambo la msingi: wali umekwisha kuiva, mchele umetoka kwa ndugu Usangu, na mbuzi amekwisha kuchinjwa. Vifanywe nini?

"Vitaliwa," Mbuke alisema. "Au mnataka nimtafute maiti?"

Wakala. Liberatus amesema ule ndio msiba wa kwanza aliohudhuria bila kuusoma.

Baada ya chakula Mbuke aliwaita ndani pamoja na wanawe. Alieleza bila kupindapinda. Vitu vya Ndalahwa viligawiwa ukoo ukiwa umekaa, Kulwa akiwepo, na saa iliangukia mikononi mwake yeye mjane. Ugomvi ulianzia hapo. Kijana mkubwa aliitaka kwa ukubwa wake. Mdogo aliitaka kwa sababu ndiye aliyemuuguza baba, na anadai baba alimwahidi. Waliacha kula pamoja. Halafu wakaacha kusalimiana.

"Ng'ombe nimewagawia," Mbuke alisema. "Mashamba ya mpunga nimewagawia. Saa utaikata wapi? Nikamwambia shemeji, ipeleke mbali, iuzwe, nisiione tena."

"Mama, hukutuuliza," kijana mkubwa alisema.

"Niwaulize mkiwa mnaongea? Mngekuwa mnaongea ningewauliza."

Mdogo alicheka. Mkubwa alimtazama, na Devota anasema kwa muda mfupi walionekana kama ndugu.

Kisha Mbuke akamgeukia Liberatus. "Nawe utaivaa wapi?"

"Kila mahali, mama. Nitalima nayo, nitasali nayo. Sina nyingine."

"Hutaiweka kabatini?"

"Kabati sina bado. Nyumba ndiyo kwanza inapauliwa."

Mumewe, Mbuke alisema, aliivaa hata alipoteremka shimoni kutazama mwamba, na wenzake wakimcheka. Asingependa ikae kwenye sanduku la tajiri akiitoa siku za harusi. Kwa hiyo Liberatus aichukue. Ila asiichukue Mwanjelwa, kichochoroni, kama kitu cha wizi. Atakabidhiwa mbele ya watu, wanawe wakiona imekwenda kwa nani, ili asitokee mmoja kesho kumwambia mwenzake kwamba ameificha.

Liberatus alikubali hapo hapo. Devota alikubali kwa niaba ya kamati, ingawa ilimaanisha wageni zaidi katika bajeti iliyokwisha kufungwa.

"Na wewe, baba," Mbuke alimalizia, "usinipigie simu tena. Ukiwa na neno, mpe huyu mama aniambie."

Ambrosi amelipwa bei ya saa na kazi yake, nayo saa iko kwenye kasha la fedha la ofisi, funguo anazo Devota. Tangu safari ile kuna utaratibu mpya. Mtu yeyote anayepiga simu kutoka redio hii kwenda nyumba ya mtu, kwa shughuli yoyote, anaanza kwa kusema hakuna aliyekufa. Idara ya matangazo ya biashara imeulalamikia. Wateja wao wawili walishtuka zaidi.

Nafasi ya Liberatus inachukuliwa na Alinanuswe Mwakalinga, aliyekuwa akisoma habari za michezo. Amekaa naye studioni wiki tatu sasa. Liberatus amemfundisha kuzungumza na watu wawili wa kila nyumba, kutaja njia ya kufikia msibani, na kunywa maji ya uvuguvugu, si ya baridi. Alinanuswe alipomuuliza afanye nini siku ambayo koo litamkaba kwa jina la mtu anayemjua, Liberatus alimwambia asome jina hilo polepole zaidi, kwa sababu kuna anayelisikiliza ambaye anamjua mwenye jina kuliko yeye.

Hatuna hesabu ya majina aliyoyasoma, naye hana. Tunachojua ni kwamba wapo watu kutoka Kilolo hadi Makongolosi waliofika makaburini wakati udongo haujarudishwa, na wasingefika bila yeye. Kwa hilo menejimenti na wafanyakazi wa Iringa na Mbeya wanamshukuru, pamoja na Faustina aliyempokelea na kumpigia simu. Wengi wetu tumefiwa tukiwa kazini hapa, na ni yeye aliyetusomea. Mzee Liberatus, upumzike vizuri, viazi vikukubali, na siku zako za Kilolo ziwe ndefu.

Hafla ya kumuaga itafanyika Jumamosi, tarehe 27 Juni, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa ofisi ya Mbeya. Mbuke na wanawe watafika Ijumaa na watalala kwa Devota. Mpaka jarida hili linapelekwa kuchapwa, vijana wale wawili walikuwa hawajakubaliana ni nani kati yao atakayemfunga Liberatus saa mkononi, lakini Devota aliyezungumza nao kwa simu anasema sasa wanabishana wakiwa chumba kimoja. Mama yao amewapa hadi Alhamisi, tarehe 25. Wasipokubaliana, atamfunga yeye mwenyewe.